Kibuyu: Maana ya Jina na Uainishaji Wake

Katika Wilaya ya Ikungi, kama ilivyo kwingineko mkoani Singida, kibuyu ni chombo cha kila siku: huchotewa maji, huhifadhiwa maziwa, na wafugaji huyatikisa humo hata siagi ikajitenga. Wapo wanaodhani kuwa kibuyu ni buyu dogo, yaani tunda la mbuyu. Dhana hiyo, ingawa jina laielekeza, si sahihi. Mbuyu ni mti, *Adansonia digitata*, wenye undugu na pamba na bamia. Kibuyu ni tunda la mmea utambaao, wa msimu mmoja, uitwao kitaalamu *Lagenaria siceraria*, wa familia ya Cucurbitaceae, ambayo pia ni ya boga, tango, tikiti maji na dodoki. Jina *Lagenaria* limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya chupa. Wataalamu nao, kumbe, walikitazama kwa jicho la mchota maji.

Boga lina ua la njano na asili yake ni bara la Amerika. Kibuyu kina ua jeupe lifunguka­lo jioni, na asili yake ni Afrika.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni mumunye. Mumunye liliwalo changa si mmea mwingine, bali ni spishi hiyo hiyo ya kibuyu. Vibuyu vioteshwavyo kwa ajili ya vyombo mara nyingi huwa vichungu, kwa sababu ya sumu iitwayo kukabitasini. Mimea hiyo ikiwa jirani na mimumunye, wadudu huhamisha chavua. Tunda la msimu huo halibadiliki. Mbegu zake, zikipandwa mwaka ufuatao, huweza kuzaa mamumunye machungu yasiyotofautika kwa sura na yale mema.

Kupika hakuondoi sumu hiyo. Alaye huweza kutapika, kuharisha na kuumwa tumbo vikali, na apatwapo na hali hiyo afikishwe kituo cha afya bila kukawia. Kwa hiyo, kabla ya kupika, kipande kidogo kibichi kionjwe kwa ncha ya ulimi na kutemwa. Kikiwa kichungu, tunda lote litupwe. Mbegu za vyombo na za mboga zitunzwe mbalimbali na kutiwa alama, kwani si rahisi kuzitambua kwa macho.