Foto ya Mama Akiwa Kazini

Wamama wapendwa, fungueni albamu ya nyumba yenu. Mtakuta ndoa, ubatizo, diploma, kilio. Watu wamesimama wima na kikwembe kipya, hakuna anayecheka. Foto hizo tuzitunze. Lakini mama aliyekaanga mikate pale kona miaka mingi ili watoto wasome, foto yake ya kazini iko wapi? Katika nyumba nyingi hakuna. Wajukuu watajua nguo yake ya sikukuu, mikono yake hawataijua.

Hapa Lubumbashi uzuri haungoji sikukuu. Toka asubuhi, jua likiwa bado chini. Moshi wa mikate unapanda, mtu wa makala anasukuma kinga yenye mzigo kuliko yeye mwenyewe, wanafunzi wa shati nyeupe wanaruka maji ya mvua. Mwezi wa kumi jakaranda zinamwaga maua ya zambarau barabarani, na mama wa sombe anapanga mafungu yake kando ya maua hayo bila kuyatazama. Nikimwambia ayatazame, ananiuliza kama nitanunua.

Kule Marekani alikuwako mwanamke, Vivian Maier, aliyezaliwa 1926. Kwa miaka karibu 40 kazi yake ilikuwa kulea watoto wa watu, zaidi katika mji wa Chicago. Akiwatembeza watoto, kamera iko shingoni, anapiga foto za wapita njia, wazee, watoto wanaolia. Alipiga zaidi ya 100 000, na karibu hakumwonyesha mtu. Mwaka 2007 masanduku yake yaliuzwa kwa mnada, maana hakuwa amelipa kodi ya mahali yalipowekwa. Akafa 2009, sifa zikaja nyuma yake. Studio hakuwa nayo. Alikuwa na miguu na macho, na watoto wa kushika mkono, kama sisi.

Sisi tuna telefone. Karibia, jua liwe mgongoni mwako, na usimwambie mtu acheke. Mwache aendelee kupima unga.

Lakini omba ruhusa. Hapa mimi ni mkali, kama darasani. Kumpiga mama wa soko kwa kujificha, kisha kumtembeza kwa WhatsApp watu wamcheke, ni kumwibia. Salimia kwanza, omba, kisha umwonyeshe. Akikataa, rudisha telefone mfukoni. Mtoto wa mwenzio, uliza mama yake. Karibu na waaskari ao kambi yao, usijaribu hata mara moja.

Telefone zinaibwa, zinaanguka katika maji, na foto zote zinaenda nazo. Kwa hiyo mkutano ujao kila mmoja alete foto moja ya mwenzake akiwa kazini. Tutachanga feza kidogo, kama tunavyofanya kwa likelemba, tuzitoe kwenye karatasi: moja ya kikundi, na moja ya mama mwenyewe, aipeleke nyumbani.