Kijue Kilichomo Ndani ya Kasha: Rejista Mpya ya Kompyuta za Halmashauri

Mwananchi anapofika dirishani kulipia leseni ya biashara, au mgonjwa anapofika kituo cha afya kufunguliwa jalada, kisha akaambiwa kuwa kompyuta haifanyi kazi, huduma husimama hapohapo. Mara nyingi chanzo cha usumbufu huo si kompyuta nzima, bali kifaa kimoja kilichomo ndani yake: diski iliyochakaa, memori isiyotosha au kifaa cha kupokea umeme kilichoungua. Ili kupunguza hali hiyo, Kitengo cha TEHAMA kinasimika programu moja ya kusimamia kompyuta za mezani, kuanzia makao makuu, kisha vituo vya kutolea huduma za afya na hatimaye ofisi za kata.

Kwa muda mrefu rejista ya mali imekuwa ikionesha namba iliyoandikwa kwa rangi juu ya kasha, idara inayotumia na tarehe ya ununuzi. Taarifa hizo ni za lazima, lakini zinahusu kasha tu. Kompyuta mbili zilizonunuliwa siku moja zinaweza kuwa tofauti kabisa baada ya miaka michache ya matengenezo. Rejista isiyojua kilichomo ndani haiwezi kumwambia afisa ununuzi kama ofisi inahitaji kompyuta mpya au kipande kimoja cha memori.

Lugha moja kwa kompyuta zote

Zamani kila kiwanda kilikuwa na namna yake ya kueleza vifaa vyake. Mwaka 1992 kampuni za kompyuta ziliunda chombo cha pamoja kiitwacho DMTF, ambacho kiliweka utaratibu wa kwanza wa pamoja, yaani DMI. Utaratibu huo ulikoma kuendelezwa mwaka 2005, lakini jedwali la SMBIOS, ambalo nalo husimamiwa na DMTF, linatumika hadi leo. Jedwali hilo huandaliwa na programu ya msingi ya kompyuta kila inapowashwa, nalo hutaja mtengenezaji, aina ya ubao mama, prosesa, na ukubwa wa kila kipande cha memori pamoja na namba yake ya kiwandani. Kompyuta ya Windows na ile ya Linux husoma jedwali lilelile, hivyo chapa haileti tofauti.

Programu iliyochaguliwa ni GLPI, ambayo ni huria na haina ada ya leseni. Kazi ya kuisimika ina hatua nne. Kwanza, seva huandaliwa na kila kompyuta hupewa jina linaloonesha kituo na idara. Pili, programu ndogo iitwayo wakala hufungwa katika kila kompyuta. Hiyo ndiyo husoma taarifa za vifaa na kuzipeleka kwenye seva. Tatu, taarifa hizo huunganishwa na namba ya mali ya Halmashauri. Nne, orodha hulinganishwa na rejista ya zamani ili kila tofauti ipatiwe maelezo. Pale ambapo mtandao haupatikani, wakala huandika taarifa katika faili, nalo hupelekwa makao makuu kwa flashi.

Faida inayoonekana

Faida ya kwanza ni ulinzi wa mali ya umma. Kompyuta ikipelekwa kwa fundi na kurudi ikiwa na memori ndogo kuliko ile iliyoondoka nayo, badiliko hilo huonekana mara tu wakala anapotuma taarifa upya, kwa kuwa ukubwa na namba za kipande havilingani tena na zilizokuwepo.

Faida ya pili ni tahadhari. Diski nyingi zina utaratibu uitwao SMART unaohesabu sehemu zilizoharibika. Hesabu hiyo ikianza kupanda, ni dalili kwamba kumbukumbu zihamishwe mapema. Hata hivyo, diski inaweza kufa bila dalili yoyote, hivyo nakala rudufu zitaendelea kutunzwa.

Faida ya tatu ni mipango ya bajeti. Windows 10 ilifikia ukomo wa huduma za kawaida za Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inahitaji, pamoja na mambo mengine, memori ya GB 4, diski ya GB 64 na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Rejista mpya itaonesha ni kompyuta zipi zinakidhi, zipi zinahitaji kuongezewa kifaa, na zipi ndizo za kubadilishwa kweli.

Mipaka yake

Programu hii haiondoi kazi ya kuhesabu mali kwa macho. Baadhi ya ubao mama hutoka kiwandani nafasi ya namba ikiwa haijajazwa, na vifaa kama UPS vinaweza visionekane kabisa. Aidha, wakala aliyewekwa husoma vifaa na orodha ya programu zilizofungwa. Hafungui barua, nyaraka wala taarifa za wagonjwa.

Mafanikio ya kazi hii yanategemea watumishi wenyewe. Kompyuta isihamishwe kutoka ofisi moja kwenda nyingine, isifunguliwe wala kupelekwa kwa fundi kabla Kitengo cha TEHAMA hakijaarifiwa kwa maandishi. Wakuu wa idara na vituo wanaombwa kuhakiki orodha ya kompyuta zao pindi watakapoipokea na kuirejesha ikiwa imesainiwa. Orodha iliyo sahihi ndiyo itakayowezesha kifaa kinachohitajika kununuliwa kabla foleni haijasimama dirishani.