Sinia la 'fedha': geuza usome chapa kabla ya kulipa

Sinia kuukuu la Kiingereza likiuzwa kwa uzito kama fedha halisi, mnunuzi aligeuze kwanza. Herufi EPNS maana yake ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha kwa umeme, ufundi ulioenea baada ya Elkington wa Birmingham kupata hataza mwaka 1840. Fedha halisi ya England ya enzi hizo hubeba chapa ya simba anayetembea. Wekundu kingoni ni shaba inayochungulia; hapo bei ishuke.

Usisugue kwa mchanga wala majivu, utamaliza fedha iliyobaki. Maji ya vuguvugu, sabuni na kitambaa laini vinatosha. Kupaka upya ni kazi ya fundi, na gharama yake mara nyingi huzidi bei ya sinia lenyewe.