Magurudumu Yasiposhuka

Tarehe 13 Mei 2024, ndege ndogo ya injini mbili aina ya Beechcraft Super King Air B200 iliruka kutoka Newcastle, Australia, kuelekea Port Macquarie, ikiwa na rubani na abiria wawili. Haikufika mbali, rubani akatoa taarifa kuwa magurudumu yana hitilafu. Akazunguka angani kwa takriban saa tatu ili kupunguza mafuta, kisha akatua kwa tumbo. Wote watatu walitoka salama.

Wengi waliona muujiza. Kwa sisi wa fani ya usafiri wa anga, ile ilikuwa kazi iliyofuata utaratibu. Kutua bila magurudumu huharibu ndege, lakini ni nadra kuua. Hatari kubwa iko kwenye papara.

Magurudumu ya ndege hizi hukunjwa baada ya kuruka ili yasikinze upepo. Kwenye baadhi yake hukunjwa na mota ya umeme, kwenye nyingine na shinikizo la haidroliki. Mota ikiungua, pampu ikifa au mafuta ya haidroliki yakivuja, magurudumu hayashuki kwa njia ya kawaida. Rubani hujua hali ya magurudumu kwa taa za kijani, aghalabu tatu: moja kwa kila gurudumu lililoshuka na kujifunga.

Taa isipowaka, huenda gurudumu halina kosa lolote. Kwenye Piper Seneca, kwa mfano, ukiwasha taa za nje za safari, zile za kijani hufifia zisimuumize rubani macho usiku. Ukiwasha zile za nje mchana, utadhani za kijani zimezimika. Kwa hiyo huanza kukaguliwa swichi, fyuzi na balbu.

Tatizo likiwa la kweli, ipo njia ya akiba. Magurudumu ya Seneca hushikiliwa juu na shinikizo la haidroliki. Rubani akipunguza mwendo na kufungua vali ya dharura, hushuka kwa uzito wake. Kwenye Beechcraft Baron, anakata kwanza umeme wa mota, anageukia mpini ulio nyuma ya viti vya mbele, kisha anauzungusha kama mara 50. Ni kazi ya jasho, na ndege nayo inataka kuendeshwa.

Hapo ndipo ajali huzaliwa. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ndege kubwa ya Eastern Air Lines, safari namba 401, ilikuwa inakaribia Miami. Taa ya gurudumu la mbele haikuwaka. Wahudumu wa chumba cha rubani wakaishughulikia taa hiyo, wasitambue kuwa ndege inapoteza kimo. Ikaanguka kwenye vinamasi vya Everglades. Kati ya watu 176, walikufa 101. Uchunguzi ulikuta gurudumu limeshuka na kujifunga. Kilichoungua ni balbu.

Njia zote zikishindikana, rubani anao muda, maadamu ana mafuta. Anaweza kupita karibu na mnara wa kuongozea ndege ili waongozaji watazame chini ya ndege, ingawa wao huona kama gurudumu limeshuka, hawawezi kuthibitisha kama limejifunga. Mafuta yakipungua, ndege huwa nyepesi na moto hupata kichache cha kula. Zimamoto nao hujipanga.

Kishawishi cha mwisho ni kuzima injini kabla ya kugusa ardhi ili kuokoa mapanga, kwa kuwa panga likigonga lami, injini lazima ifunguliwe na kukaguliwa, na gharama yake si ndogo. Lakini aliyezima mapema hana tena nguvu ya kupaa upya akikosea kukadiria. Panga hununuliwa, roho hainunuliwi.

Kwa hiyo wewe abiria, ukiona ndege inazunguka na rubani amesema magurudumu yana kasoro, kaza mkanda, sikiliza maelekezo na usimharakishe. Anapotumia muda wake, anakulinda.