Mtoto anachuchumaa na midomo inakuwa ya bluu? Huenda ni moyo

Je, una mtoto ambaye akicheza kidogo tu anachoka, anachuchumaa, na midomo yake inageuka rangi ya bluu? Usimwite mvivu, wala usidhani amerogwa. Huenda alizaliwa na kasoro ya moyo iitwayo tetralojia ya Fallot, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1888.

Moyo una vyumba vinne. Upande wa kulia hupeleka damu kwenye mapafu ikachukue oksijeni. Upande wa kushoto huisukuma damu hiyo mwilini kote. Ukuta wa katikati huzuia damu za pande hizi mbili zisichanganyike.

Mtoto mwenye kasoro hii ana matatizo manne kwa pamoja:

- Ukuta kati ya vyumba viwili vya chini una tundu.
- Njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba.
- Mshipa mkuu wa kupeleka damu mwilini umekaa juu ya tundu hilo, hivyo unapokea damu ya pande zote mbili.
- Msuli wa chumba cha chini cha kulia umekuwa mnene kwa sababu ya kusukuma kwa nguvu.

Matokeo yake, damu yenye oksijeni kidogo huingia mwilini. Kwenye ngozi nyeusi si rahisi kuona bluu. Angalia ulimi, fizi na kucha.

Kuchuchumaa humsaidia mtoto: mishipa ya miguu ikibanwa, damu nyingi zaidi huenda mapafuni. Akibanwa pumzi ghafla, mtulize, mkunje magoti hadi kifuani, kisha mkimbize kituo cha afya hata kama amepata nafuu. Akihara au kutapika pia usichelewe, maana kupungukiwa maji ni hatari kwake.

Mama, hili si kosa lako. Moyo hujengeka katika wiki za mwanzo za mimba. Hakuna dawa ya kienyeji wala kidonge cha kuziba tundu hili. Tiba yake ni upasuaji.

Anzia kituo cha afya cha makazi yako. Eleza ulichokiona, omba moyo usikilizwe, na uulize kuhusu rufaa ya kipimo cha picha ya moyo. Kwa walio Uganda, hospitali maalumu ya moyo ni Uganda Heart Institute, iliyopo Mulago, Kampala. Tunza kadi na karatasi zote za mtoto.