Tone Nyuma ya Hita

Katika gari-nyumba la Marekani, viungo viwili vya bomba vinavyohitaji kukaguliwa kuliko vingine ndivyo vilivyofichwa zaidi. Hita ya maji hupachikwa kwenye tundu la ubavuni, uso wake ukitazama nje. Huko nje ndiko kilipo kichomea gesi, tundu la moshi na, chini kabisa, kizibo cha kumwagia maji. Mgongo wake hubaki ndani, chini ya kitanda au nyuma ya droo za jikoni. Maji baridi huingia mgongoni kwa chini, ya moto hutoka kwa juu. Anayetaka kuviona viungo hivyo mara nyingi hulazimika kutoa droo, kufungua ubao uliokazwa kwa skrubu, kisha kulala kifudifudi akiwa na tochi.

Ndiyo maana uvujaji wa hapo hujulikana kwanza kwa madhara yake: harufu ya ukungu kabatini, zulia lisilokauka, sakafu inayobonyea chini ya kisigino. Tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita nne kwa siku. Bomba likipasuka, watu husikia maji na kukimbilia pampu. Tone halisikiki, nalo huilowesha plaiwudi miezi mitatu au minne hadi tabaka zake ziachane. Kwa anayelitoa gari mara mbili kwa mwaka, hiyo ni hasara ya kukarabati. Kwa wastaafu wanaoishi humo mwaka mzima, wakiwemo wale wanaokusanyika Quartzsite, Arizona, kila majira ya baridi, hiyo ni sakafu ya nyumbani kwao na hawana nyingine.

Mtu akiliona tone, jambo la kwanza analofanya ni kushika spana na kukaza. Naamini hakuna kitendo kinachoharibu viungo hivi kuliko hicho. Bomba la nyumba ya kawaida limejengewa ukutani, halitikisiki. Hapa hita yenye lita 38 za maji husafiri barabarani, na kila shimo huivuta dhidi ya bomba lililofungwa mahali pengine. Kiungo kigumu ndicho kinachobeba mvuto huo wote. Juu ya hayo, plastiki hutanuka kwa joto mara kadhaa zaidi ya shaba njano, hivyo kila hita inapowaka na kupoa, vitu viwili vilivyokazwa pamoja husukumana kwa vipimo tofauti. Ukikaza zaidi, unakiongezea mzigo kiungo ambacho tayari kimeelemewa. Kama ni cha plastiki, kitapasuka kwa ufa mwembamba usioonekana mpaka maji yapate moto.

Kabla ya kugusa chochote, ni lazima chanzo kijulikane. Pampu ikiwashwa na mifereji yote kufungwa, kisha ikanguruma kidogo kila baada ya dakika chache, kuna maji yanayotoka mahali fulani, au valvu ya ndani ya pampu inayarudisha tangini. Viungo vyote vikaushwe kwa kitambaa, kila kimoja kizungushiwe karatasi ya chooni, na uchunguzi uanzie juu kwenda chini, maana maji hufuata bomba na kudondokea mbali na yalikotokea. Jaribio lifanywe maji yakiwa baridi, lirudiwe hita ikiwa imewaka. Viungo vingine havivuji kabisa vikiwa baridi, na fundi anayejaribu mara moja tu huondoka akidhani amemaliza kazi.

Yapo pia maji yasiyotokana na kiungo. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 10 hadi 60 za Selsiasi huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 1.7. Katika lita 38 hiyo ni zaidi ya nusu lita, na valvu za kuzuia maji kurudi nyuma zikishika vizuri, ongezeko hilo halina pa kwenda. Shinikizo hupanda, na valvu ya usalama, ambayo huwekwa ifunguke ikifika pauni 150 kwa inchi ya mraba au nyuzi 99, huanza kudondosha upande wa nje. Isizibwe kamwe kwa sababu inadondosha, kwa kuwa ndiyo inayozuia tangi lisilipuke. Ulaya, hita za Truma kutoka Ujerumani zina valvu inayojifungua yenyewe baridi ikikaribia nyuzi 3 na kumwaga maji yote chini ya gari, na wengi wanaoikuta wazi asubuhi hudhani tangi limetoboka.

Chanzo kikijulikana, gesi na umeme wa hita vizimwe kwanza, kwani elementi ya umeme ikiwaka ndani ya tangi tupu huungua mara moja. Maji yaachwe yapoe. Pampu izimwe, mpira wa maji ya kambini uchomolewe, mfereji wa maji ya moto ufunguliwe hadi shinikizo liishe, na baada ya hapo tu ndipo kizibo cha tangi kifunguliwe. Atakayekifungua tangi likiwa la moto na lenye shinikizo ataungua usoni na mikononi.

Kiungo chenyewe kifunguliwe chote, hesi zake zisafishwe kwa brashi na zitazamwe kwenye mwanga. Hapa inafaa kujua tangi ni la namna gani. Matangi ya Suburban ni ya chuma kilichopakwa kauri ndani, yakiwa na fimbo inayoliwa na kutu badala ya tangi. Ya Atwood, ambayo bado yamo katika magari mengi, ni ya alumini. Shaba njano ikikaa ndani ya alumini na maji yakiwepo, alumini huliwa polepole, nao unga mweupe kuzunguka kiungo ndio dalili yake. Hesi za tangi zikiwa zimeliwa, tepu hata iwe nyingi vipi haitaziba.

Tepu nyeupe ni ya hesi zinazobana kadiri zinavyoingia. Izungushwe kufuata upande wa kukazia, mizunguko mitatu hadi mitano, bila kuziba tundu. Kiungo chenye washa ya raba iliyochongoka hakitaki tepu hata kidogo. Raba ndiyo inayoziba, na tepu huizuia kukaa sawasawa. Hicho hukazwa kwa mkono. Plastiki iingizwe ndani ya chuma, si chuma ndani ya plastiki, kwa sababu kiungo cha plastiki kikitanuliwa na hesi za chuma hupasuka ubavuni. Kwenye magari ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1990 kuna bomba za kijivu za polibutilini, ambazo hudhoofishwa na klorini. Hizo sioni sababu ya kuziziba. Zibadilishwe zote.

Kinachosahaulika katika matengenezo mengi ni kuondoa ule mvuto. Kipande kifupi cha mpira unaopindika, wa kuhimili maji ya moto, kiwekwe kati ya hita na bomba, na bomba lenyewe lishikwe kwa kibanio karibu na tangi. Kambini maji yapitie kidhibiti shinikizo cha pauni 40 hadi 60, kwa sababu baadhi ya mabomba ya kambi hutoa zaidi ya hapo. Na watengenezaji, ambao wengi wao wako kaunti ya Elkhart, Indiana, wangeweza kuweka mlango mdogo wa bawaba mbele ya viungo hivi. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya sakafu moja.

Kabati lisifungwe siku ya matengenezo. Gari liendeshwe, lirudi, viungo vipapaswe tena kwa karatasi kavu. Ubao wa sakafu uchomwe kwa ncha ya bisbisi. Ncha ikiingia bila kuzuiliwa, sehemu hiyo imeoza na ikatwe. Ubao ukiwa mgumu lakini una unyevu, feni iachwe ikipuliza humo hadi ukauke, hata kama itachukua wiki nzima.