Asilimia ya Zao: Somo la Makome ya Ziwani

Mwanafunzi akipata asilimia 125 katika jaribio la kemia hufurahi. Naye mwalimu asiyejiandaa humwambia amekosea hesabu. Wote wawili wamepitwa na somo. Kwetu Musoma, ambako makome ya konokono huokotwa ufukoni mwa Ziwa Victoria yakatwangwa kuwa chakula cha kuku, jambo hili laweza kuonyeshwa bila kungojea kemikali za dukani.

Makome, kwa sehemu kubwa, ni kaboneti ya kalsiamu. Yakichomwa kwa moto mkali hutoa gesi ya kabonidayoksaidi, na kinachobaki ni chokaa:

CaCO3 → CaO + CO2

Kwa uzito wa atomi (Ca 40, C 12, O 16), gramu 100 hubakiza gramu 56. Basi gramu 20 za makome safi, makavu, zapaswa kutoa gramu 11.2. Hilo ni zao la hesabu. Linalosomwa kwenye mizani ni zao halisi. Zao halisi tukiligawanya kwa zao la hesabu, kisha tukazidisha kwa 100, tunapata asilimia ya zao.

Tuseme kikundi kimoja kimepima gramu 10.5, yaani asilimia 93.75. Huenda kilimwaga unga kidogo. Kingine kimepima gramu 14.0, yaani asilimia 125. Hesabu ni sahihi, lakini kilichopimwa si chokaa tupu: yamo na makome yasiyoiva. Uzito uliopotea ni gramu 6.0 badala ya 8.8, kwa hiyo ni kama thuluthi mbili tu zilizogeuka. Joto linalotakiwa hukaribia nyuzi 900 za sentigredi, na jiko la mkaa lisilovukutwa halifiki huko kwa urahisi. Yarudishwe motoni, yapoe mahali pakavu, yapimwe tena, mpaka uzito usipungue. (Chokaa hiyo isiguswe kwa mkono wenye maji, wala isikaribie macho.)

Kikundi cha kutiliwa shaka zaidi ni kile kinacholeta gramu 11.2 kamili. Yawezekana kilimwaga unga na pia hakikuivisha makome, makosa mawili yakafichana. Au kilifuta namba ya mizani, maana sisi walimu tumezoea kutia alama ya vema kwenye jibu moja tu. Tunashauri uzito uandikwe kwa wino papo hapo mizanini, na nusu ya alama zitolewe kwa maelezo ya tofauti.